Mapigo 171 kwa mwendo wa kuongea: ni saa, ni joto, au ni moyo wangu?

Mama Nuru · Jumatano, saa 3:40 usiku

Wakuu, habari za usiku. Naomba msaada wenu, na mnivumilie, nitaeleza kwa urefu ili mtu asilazimike kuniuliza mara mbili.

Nina miaka 37, nakaa Kimara, na kazi yangu ni ya kanzidata katika ofisi moja pale Posta. Asubuhi napanda basi la mwendokasi kama watu wengine. Jioni za Jumanne na Alhamisi sipandii Posta. Natoka ofisini saa 11 na robo nikiwa nimeshabadilisha nguo, kompyuta nimeifungia kwenye droo, nakimbia na Barabara ya Morogoro: Fire, nashuka bonde la Jangwani, napanda Magomeni, Manzese, Urafiki, mpaka kituo cha Shekilango. Ni kilomita 8 na ushee. Hapo nasimama, navuta pumzi, natoa kanga kwenye kibegi cha mgongoni, najifunga, nakata tiketi ya kwenda Kimara. Kanga ni ya heshima, na pia ni kwa ajili ya yule nitakayebanana naye kwenye basi, maana jasho la Januari la Dar mnalijua. Huu ni mwaka wa pili nafanya hivi. Ndiyo saa pekee ya siku ambayo hakuna mtu ananidai kitu, si ofisini wala nyumbani.

Tangu Oktoba nina saa janja inayopima mapigo ya moyo mkononi. Shida inaanzia hapo. Nakimbia polepole, dakika 7 na nusu kwa kilomita. Kwa mwendo huo naweza kupokea simu ya mwanangu na kumweleza unga wa ugali uko wapi bila kukatika pumzi. Lakini saa inaandika mapigo 168, 171, 172, na inakaa hapohapo kwa nusu saa nzima. Kwa hesabu ya 220 kutoa umri, kiwango changu cha juu kabisa ni 183. Kwa ile nyingine, 208 kutoa asilimia 70 ya umri, napata 182. Kwa hiyo saa inadai niko zaidi ya asilimia 90 ya uwezo wangu wote huku nazungumza habari za unga!

Kuhusu ramani nimeshaelewa kwamba saa inaweza kusema uongo bila nia mbaya. Kilomita ya kwanza, kati ya maghorofa ya Posta, mstari wangu unapita ndani ya majengo na mwendo unaonekana ni dakika 3:50. Mawimbi ya setilaiti yanatoka umbali wa kilomita 20,000 na zaidi, yakifika hapa yanagonga vioo na zege kabla ya kunifikia, njia inakuwa ndefu, na saa inadhani niko mahali pengine. Nikifika Jangwani ambako anga iko wazi, mstari unanyooka kama umepigwa rula. Hilo halinisumbui, kilomita ya kwanza naifuta kwenye hesabu.

Moyo ndio unaonisumbua. Baba yangu alianguka ghafla akiwa na miaka 52, tukaambiwa ni moyo. Nikiona 171 sikimbii tena kwa raha, naitazama saa kila hatua tano. Nataka kwenda Moshi mwezi ujao kukimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro, nimeshalipia, na sasa sijui kama nafanya jambo la busara.

Nimeweka hapo chini picha ya grafu na ramani ya jana. Naomba aliyewahi kupitia hili aniambie.

Saketi_Mbeya · Jumatano, saa 4:25 usiku

Dada pole, na hongera kwa kuandika vizuri, wengi huku wanasema tu "saa mbovu" halafu wanapotea.

Mimi natengeneza vifaa vya elektroniki na nakimbia kidogo. Kabla sijasema lolote kuhusu moyo wako, nina swali moja: hatua zako ni ngapi kwa dakika? Saa inazihesabu, iko kwenye faili hilohilo.

Nauliza kwa sababu hii. Saa ya mkononi haihisi moyo wenyewe. Inawasha taa za kijani nyuma yake, damu inanyonya mwanga huo, na kila moyo unaposukuma, damu kwenye ngozi inaongezeka kidogo, mwanga unaorudi unapungua kidogo. Saa inahesabu mawimbi hayo. Ukikaa kwenye kiti inafanya kazi nzuri sana. Ukikimbia, mkono unaruka, saa inaruka, damu inatikisika kwenye mishipa kwa mdundo wa miguu yako, na mtikisiko huo unaweza kuwa na nguvu kuliko wimbi la moyo. Programu ya ndani inajaribu kuuchuja, lakini hatua zikiwa karibu na idadi inayofanana na mapigo ya mtu anayekimbia, inashika mdundo wa miguu na kuuita moyo.

Dalili ni tatu. Mstari wa mapigo unalala bapa mno, moyo wa kweli hupanda ukipanda kilima. Namba inafanana na hatua. Na ukisimama ghafla, mapigo yanaporomoka ndani ya sekunde chache, jambo ambalo moyo wenyewe hauwezi, unahitaji dakika nzima kushuka mapigo ishirini au thelathini hivi.

Kwenye grafu yako naona umesimama mahali fulani kama dakika ya 14. Tazama hapo.

Mama Nuru · Jumatano, saa 5:50 usiku

Saketi, sijalala, nimeshindwa kusubiri asubuhi.

Nimetoa faili, nimeandika programu fupi ya kompyuta kwa lugha ya Python, nimelinganisha mapigo na hatua sekunde kwa sekunde. Kuanzia dakika ya tisa, asilimia 81 ya sekunde zote tofauti kati ya hizo namba mbili haizidi 3. Hatua zangu ni 168 hadi 172.

Na pale dakika ya 14 ni taa za Fire, nilisubiri magari yapite. Mapigo yanatoka 170 hadi 114 ndani ya sekunde 9. Nilipoanza tena, yakarudi 169 baada ya kama sekunde 20.

Kwa hiyo miezi mitatu yote nimekuwa naogopa miguu yangu mwenyewe? Mikono inatetemeka nikiandika hivi, kwa nafuu.

NesiMkongwe · Alhamisi, saa 12:10 asubuhi

Mama Nuru, habari za asubuhi. Nafurahi umepata nafuu ya roho, lakini nakuomba usifunge faili bado. Saa kukosea haina maana moyo wako umepimwa. Ina maana haujapimwa.

Nimefanya kazi wodini miaka 24. Ulichoandika kuhusu baba yako ndicho kilichonifanya nijibu kabla ya kwenda zamu. Mzazi aliyeanguka na moyo kabla ya miaka 55 ni jambo la kumwambia daktari waziwazi, si la kuandika kwenye jukwaa peke yake. Nenda kapimwe presha, upigwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo), na upime wingi wa damu. Hilo la mwisho wanawake wengi wanaokimbia hawalifikirii. Damu ikipungua, kila pigo linabeba oksijeni kidogo, basi moyo unaongeza mapigo ili kufidia. Mtu anajiona mzima, anafanya kazi zake zote, ila ngazi zinamchosha na mbio za polepole zinakuwa nzito. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 za hemoglobini, ile inayobeba oksijeni, kwa desilita ya damu tayari tunasema ni upungufu.

Halafu kuna joto. Saa 11 jioni mwezi huu, na unyevu huu wa pwani, jasho halikauki, linadondoka tu. Jasho linalodondoka halipozi mwili. Mwili unapeleka damu nyingi kwenye ngozi ili kutoa joto, inayobaki kwa misuli inakuwa kidogo, moyo unaongeza mwendo. Ukiongeza na maji uliyopoteza, mapigo yanapanda taratibu hata kama hujaongeza kasi. Hilo ni la kawaida, ila lijue.

Sasa hivi, kabla ya vipimo, tumia vidole. Ukisimama Shekilango, weka vidole viwili chini ya kidole gumba upande wa ndani wa mkono, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Fanya mara moja ukisimama tu, kabla hujatoa kanga.

Ukisikia kifua kubana, kizunguzungu, au mapigo yanayorukaruka, acha kukimbia siku hiyo na nenda hospitali siku hiyohiyo. Si kesho.

Kipanga · Alhamisi, saa 2:05 asubuhi

Sina la kuongeza kuhusu moyo. Nina jambo lingine na nalisema kwa nia njema kabisa.

Mama Nuru, futa ile picha ya ramani. Umetuambia siku, saa unayotoka, barabara, kituo unachosimama, na picha inaonyesha hadi mlango wa jengo unakoanzia. Hapa tunakusoma watu wema na wengine hatuwajui. Mwaka 2018 duniani kote watu walishtuka kugundua kwamba ramani ya pamoja ya Strava, programu ya kurekodi mbio, ilikuwa inaonyesha njia za askari wanaokimbia ndani ya kambi zao, maana kila mmoja alipakia mbio zake bila kufikiri. Kama kambi ya jeshi inaweza kuonekana kwa mbio za jioni, mama anayekimbia peke yake anaonekana kwa urahisi zaidi.

Kwenye programu yako ingia sehemu ya faragha, ficha mwanzo na mwisho wa kila mbio, na watu wasiokufahamu wasione kitu. Na siku zako zibadilishe.

Mama Nuru · Alhamisi, saa 2:30 asubuhi

Nimeifuta, na siku nimebadilisha. Kusema kweli sikuwahi kulifikiria. Ahsante sana Kipanga.

Mzee wa Kibaha · Alhamisi, saa 10:15 jioni

Mwanangu, nimesoma yote. Hizo taa za kijani sizijui, lakini kukimbia nakujua.

Sisi JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) tulikimbizwa mchakamchaka alfajiri, na kipimo chetu kilikuwa wimbo. Kiongozi anatoa mstari, kundi linaitikia, na mguu unafuata. Kama kundi linaitikia kwa sauti kamili, mwendo ni wa kufika mbali. Sauti zikianza kukatika nyuma, afande anajua amezidisha, anapunguza. Hakuna aliyeachwa njiani kwa kukosa saa. Wewe ulipomweleza mtoto habari za unga, ulikuwa umeshajipima, ila hukujua kama ni kipimo.

Nilikuwa kijana redio ilipotangaza Filbert Bayi amevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, Februari 1974. Aliongoza tangu mwanzo wa mbio mpaka mwisho, hakumsubiri mtu. Na mwaka 2025 nilikaa mbele ya televisheni nikamwona Alphonce Simbu anachukua dhahabu ya marathoni Tokyo, saa 2 dakika 9 na sekunde 48, na yule Mjerumani wa pili amepewa muda huohuo, wametenganishwa kwa sekunde 0.03 baada ya kilomita 42. Nililia, sioni aibu kusema. Kwenye kitu kama kile hata mimi naikubali mashine, jicho lisingeweza kuamua.

Lakini ya kwako ni mbio za kurudi nyumbani. Chagua vituo viwili ambavyo havihami, tuseme Fire na Magomeni Mapipa. Tazama saa ukipita cha kwanza, tazama ukipita cha pili. Umbali huo haubadiliki, maghorofa hayauharibu. Ukiona wiki hii umetumia muda uleule na umeimba vizuri zaidi, umeongezeka nguvu.

Mama Nuru · Alhamisi, saa 1:20 usiku

Shikamoo mzee. Hiyo ya vituo viwili nimeiandika kwenye daftari la kazini ili nisiisahau. Mwanangu anauliza kama na mimi nitakimbia Tokyo.

Mzee wa Kibaha · Alhamisi, saa 1:45 usiku

Marahaba mwanangu. Mwambie mama yake anaanza na Moshi.

Tumbi_la_Saba · Ijumaa, saa 3:00 asubuhi

Swali dogo kwa Saketi. Nimesikia saa hizi zinatusumbua zaidi sisi weusi kwa sababu ya rangi. Kweli?

Saketi_Mbeya · Ijumaa, saa 3:50 asubuhi

Melanini, ile inayoipa ngozi weusi, inanyonya sehemu ya mwanga wa kijani, hivyo mwanga unaorudi kwa sensa ni mdogo, na saa nyingi hujibu kwa kuongeza nguvu ya taa. Lakini kwa tatizo kama la Mama Nuru mtuhumiwa mkubwa ni mtikisiko. Saa ikilegea, ngozi yoyote itatoa takataka. Ipandishe vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, ikaze dakika mbili kabla ya kuanza kukimbia, ilegeze ukimaliza.

Na kwa Mama Nuru: tafuta mtu akuazime mkanda wa kifuani. Ule unasoma umeme wa moyo wenyewe, haujali miguu. Sehemu mbili za mpira ziloweshe kwa maji kabla ya kuvaa, zikiwa kavu nazo zinasema uongo kwa dakika za mwanzo.

Mama Nuru · wiki tatu baadaye, Jumapili, saa 4:10 asubuhi

Wakuu, nimerudi na majibu kama nilivyoahidi moyoni. Samahani kwa kimya.

Mkanda nimeazimwa na dada mmoja tunayekutana naye Jumamosi kwenye Daraja la Tanzanite. Nimekimbia nao mara sita, saa mkononi na mkanda kifuani kwa wakati mmoja, mafaili mawili. Jioni, Posta hadi Shekilango, mwendo uleule wa 7:30: saa inasema wastani 169, mkanda unasema 153. Nilipopandisha saa juu ya mkono na kuikaza kama Saketi alivyoelekeza, saa ilishuka hadi 158 kwa mbio mbili, mbio ya tatu ikarudi kushika miguu kuanzia Manzese. Nadhani jasho liliifanya iteleze.

Alfajiri ni habari nyingine kabisa. Jumamosi nilianza saa 11 na dakika 50, giza bado, nikaenda darajani na kurudi upande wa ufukwe wa Coco mara kadhaa mpaka nikafikisha kilomita 8. Mwendo uleule. Mkanda: 144. Mapigo tisa yote hayo yalikuwa jua na unyevu, NesiMkongwe. Nilikaa ukutani pale baharini nikanywa dafu nikatazama hiyo namba kwa muda mrefu.

Hospitali nimekwenda. Nilimweleza daktari habari za baba kama ulivyosema, bila kupunguza. Alinisikiliza vizuri. ECG yangu iko sawa, presha 118 kwa 76, na amesema nirudi kila mwaka kwa sababu ya historia ya nyumbani. Lakini wingi wa damu umetoka 10.9. Nilikuwa nadhani uchovu wa kupanda ngazi za ofisini ni wa umri na wa kulala saa sita. Nimeanzishiwa vidonge vya madini ya chuma, nimeambiwa nisivinywe pamoja na chai, na chai ndiyo niliyokuwa namezea kila kitu tangu utotoni. Sasa navinywa na maji ya machungwa, chai naisogeza mbele kwa muda wa saa mbili. Nitapimwa tena baada ya miezi mitatu.

Dada yangu mdogo naye nimempeleka kupima. Ametoka 10.2, na yeye hakimbii popote.

Kuhusu Moshi, daktari amenikubalia niende kwa mwendo wa polepole, na pale barabara inapopanda kuelekea Mweka nitembee bila kujilazimisha. Nitavaa mkanda, skrini ya mapigo nimeiondoa kwenye saa, nitayasoma nikirudi nyumbani.

Mzee wa Kibaha, ule umbali wa Fire hadi Magomeni Mapipa naupima kila wiki. Jana jioni nilijaribu na kile kipimo chako cha wimbo, kwenye mlima wa kutoka Jangwani. Nilifika mstari wa tatu sauti ikakatika. Wiki iliyopita niliishia wa kwanza.